Miaka Arobaini Katika Sentensi Moja

Mhadhara wa kumkumbuka askari, mfanyakazi wa visima vya mafuta na babu



Nimeombwa nizungumze juu ya namna tunavyowakumbuka wazee wetu wakishatutoka. Nimeona nisizungumze kijumla. Nitamzungumzia mtu mmoja, Mmarekani wa Texas magharibi, aliyekuwa jirani yangu miaka niliyoishi mjini Odessa. Ujanani alipigana Vita vya Korea. Aliporudi aliingia katika kazi ya visima vya mafuta, akakaa huko karibu miaka arobaini. Uzee wake aliumalizia akiwa babu wa wajukuu wengi. Jina lake silitaji, maana watu wake ni watu wa kawaida wasiotaka kutangazwa. Nitamwita Mzee, kama nilivyozoea kumwita.

Hoja yangu ni hii. Askari hatumsahau, kwa sababu serikali imejipa kazi ya kutukumbusha. Babu hatumsahau, kwa sababu tulilelewa naye. Tunayempoteza ni mfanyakazi. Na huyo tunayempoteza ndiye aliyeishi miaka mingi kuliko wenzake wawili, ndiye aliyemlisha babu, na ndiye aliyempa yule askari mahali pa kuishi baada ya vita.

Askari

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, na mapigano yakasimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Wamarekani zaidi ya 36,000 walipoteza maisha. Hata hivyo, kwao vimekuwa vita vilivyosahauliwa, kwa kuwa vilibanwa kati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na vita vya Vietnam. Mnara wa kumbukumbu wa waliopigana Vietnam ulizinduliwa Washington mwaka 1982. Ule wa Korea, wenye sanamu 19 za askari walio katika doria, ulingoja mpaka 1995, wakati wengi wa waliopigana walikwisha kuvuka miaka sitini.

Mzee alifika Korea majira ya baridi ya 1950, baridi ile ambayo usiku wa milima ya kaskazini ulifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Ukimwuliza, alikujibu habari za baridi: soksi zilizoganda miguuni, chakula cha kopo kilichokuwa kigumu kama jiwe, grisi ya bunduki iliyokataa kulainika. Waliokufa hakuwataja, wala hakuna aliyemshurutisha awataje.

Siku alipozikwa, utumishi wake wa kijeshi ulikumbukwa inavyostahili. Tangu mwaka 2000 sheria ya Marekani inampa kila askari aliyemaliza utumishi kwa heshima haki ya kuagwa kijeshi, familia yake ikiomba: askari wasiopungua wawili wenye sare, bendera inayokunjwa na kukabidhiwa kwa wafiwa, na mlio wa tarumbeta wa kuaga. Niliwaona askari hao wawili. Walikuwa vijana wadogo, umri wao haukufika theluthi ya umri wa marehemu. Waliikunja bendera mkunjo baada ya mkunjo mpaka ikawa pembetatu, wakazilaza kingo zake kwa viganja vya glavu nyeupe, kisha mmoja akapiga goti mbele ya mjane na kumkabidhi. Hawakumjua Mzee hata kidogo. Walikuja kwa sababu taifa lao limeamua kwamba mtu aliyelitumikia kwa silaha asizikwe bila shahidi wa utumishi wake.

Jambo lile lilinigusa, na ninaliheshimu mpaka leo. Lakini palepale likanijia swali lililouzaa mhadhara huu. Jeshini Mzee alikaa chini ya miaka mitatu. Visimani alikaa karibu arobaini. Ni nani aliyetumwa kuishuhudia hiyo arobaini? Wasifu uliosomwa uliipa Korea aya mbili nzima. Wajukuu walitajwa kwa majina, mmoja mmoja. Katikati palikuwa na sentensi moja, kwamba marehemu alifanya kazi katika visima vya mafuta hadi alipostaafu. Nasi huku tunayo sentensi ya namna hiyo, tumeisikia misibani mara nyingi: marehemu alifanya kazi sehemu mbalimbali hadi alipostaafu kwa mujibu wa sheria. Msomaji huivuka kwa pumzi moja, akafika kwenye mjane, watoto na wajukuu.

Niruhusuni niifungue sentensi hiyo, tuone kilichofungiwa ndani yake.

Sakafu ya mnara

Odessa iko katika eneo la Permian, nchi kavu na tambarare isiyo na mlima wa kuuzuia upepo. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na majira ya baridi upepo wa kaskazini hupenya koti lolote. Kisima cha Santa Rita kilipotoa mafuta tarehe 28 Mei 1923, nchi hiyo ya wafugaji ilibadilika, na leo eneo hilo peke yake hutoa zaidi ya theluthi moja ya mafuta ghafi ya Marekani. Huko ndiko Mzee alikopata kazi aliporudi kutoka vitani.

Kisima cha mafuta huchimbwa hivi. Keekee hufungwa kwenye ncha ya bomba la chuma, bomba likazungushwa, na mwamba ukasagika. Kila bomba lina urefu wa mita 9 hivi, na shimo likizidi kuzama huungwa bomba jingine juu yake. Wakati wote tope maalumu husukumwa kupitia ndani ya mabomba, likatokea kwenye keekee na kupanda na mwamba uliosagika mpaka juu. Tope hilo hupoza keekee na kusafisha shimo. Kubwa zaidi, uzito wake ndio unaoikandamiza gesi iliyo chini. Tope likiwa jepesi mno, gesi huingia shimoni na kuanza kupanda, na wachimbaji wasipoiwahi, kisima hulipuka na kuuteketeza mnara wa kuchimbia pamoja na waliomo.

Sasa fikirini keekee imechakaa, nayo iko chini mita 3,000. Hakuna njia ya kuifikia ila kuyatoa mabomba yote. Hutolewa matatu matatu yakiwa yameshikana, mita 27 kwa mkupuo, na kwa kisima cha kina hicho ni mikupuo zaidi ya 110. Kila mkupuo una kazi ileile. Bomba hukamatwa kwa kabari lisitumbukie. Hubanwa kwa koleo mbili kubwa zinazoning'inia kwa nyaya, likafunguliwa, likasogezwa kando na kusimamishwa. Juu kabisa, kwenye ubao mwembamba ulio usawa wa ncha za mabomba, mtu mmoja aliyejifunga mkanda hujiinamisha hewani, akalivuta bomba na kulipanga safuni. Chini wenzake hufanya kazi huku tope likiwamwagikia na kelele za injini zikiwalazimisha kusemezana kwa ishara za mikono. Keekee mpya ikishafungwa, mabomba yote hurudishwa shimoni kwa utaratibu uleule. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana, kwa zamu, mvua ama jua, kwa kuwa mnara uliosimama ni hasara.

Kijana mgeni kazini aliitwa mnyoo. Mzee, aliyekuwa amerudi kutoka Korea na medali, aliitwa mnyoo mpaka alipojua kusimama mahali pasipo na hatari. Zamani hizo, wakati wa kuunga mabomba, bomba lilizungushwa kwa mnyororo. Mfanyakazi aliurusha ukajiviringisha kwenye bomba, kisha injini ikauvuta kwa nguvu. Aliyechelewa kuondoa mkono aliacha kidole. Mkono wa kushoto wa Mzee ulikuwa na vidole vitatu kamili na nusu ya cha nne. Vita havikumtia kilema, kazi ndiyo iliyomtia. Lakini medali ya vita iliwekwa kwenye fremu sebuleni, na habari ya mkono haikuingia hata katika wasifu wake.

Wako wanaodhani kazi ya mikono ni kazi isiyo na elimu. Nawaomba waifikirie upya dhana hiyo. Mchimbaji aliyeshika breki ya mnara alijua kwa mtetemo wa sakafu kwamba keekee imeingia mwamba wa aina nyingine. Akiona tope linarudi kwa wingi kuliko linaloingia, alijua gesi imebisha hodi, na alikuwa na dakika chache tu za kuamua. Elimu hiyo ilikaa miguuni, masikioni na puani mwa watu, na sehemu kubwa yake haikuandikwa popote. Mtu wa namna hiyo akifa, tunazika na chuo.

Waliouliza

Je, kumbukumbu ya kazi ya namna hii yaweza kuokolewa? Yaweza. Upo mfano mmoja ambao kila ninapoufikiria hunipa nguvu.

Katika Vita Kuu ya Pili, mapipa karibu 6 kati ya kila 7 ya mafuta yaliyotumiwa na nchi za Washirika yalitoka Marekani. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za mafuta katika Atlantiki, na Uingereza ikawa hatarini kukaukiwa. Nchini mwake ilikuwa na visima vichache tu, maeneo ya Eakring, karibu na msitu wa Sherwood, Nottinghamshire. Mwaka 1942 Waingereza walikwenda kuomba msaada. Lloyd Noble, mwenye kampuni ya uchimbaji huko Oklahoma, alikubali kuifanya kazi hiyo bila faida. Mwaka 1943 wachimbaji 42 wa Kimarekani walivuka bahari na kupangiwa makazi katika nyumba ya watawa wa Kianglikana, Kelham Hall. Walifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, siku saba kwa juma, katika nchi iliyokuwa ikila kwa mgawo. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi walichimba visima 106, na 94 kati ya hivyo vikatoa mafuta. Mmoja wao, Herman Douthit, alianguka kutoka mnarani akafa. Amelazwa katika makaburi ya Wamarekani huko Cambridge, katikati ya askari, ingawa yeye hakuvaa sare.

Kazi yao ilikuwa siri ya vita, na vita vilipokwisha ikabaki kuwa kazi iliyosahauliwa. Walirudi Oklahoma na Texas, wakaendelea kuchimba, wakawa babu. Karibu miaka thelathini ilipita kabla ya mume na mke, Guy na Grace Woodward, kuwatafuta, kuwasikiliza na kuandika kitabu juu yao, kilichotoka mwaka 1973. Mwaka 1991 sanamu ya shaba ya mfanyakazi wa mafuta, spana mkononi, ilisimamishwa mahali palepale walipochimba. Ndugu yake, sanamu iliyo sawa nayo, ilisimamishwa Ardmore, Oklahoma, mwaka 2001.

Angalieni kilichozileta sanamu hizo. Hakikuwa sheria wala amri ya serikali. Watu wawili waliamua kwamba kazi ya wale wanaume inastahili kuulizwa, wakaenda, wakakaa, wakauliza. Kama wangengoja miaka ishirini zaidi, wengi wangewakuta makaburini.

Bei iliposhuka

Kitu kingine ambacho sentensi ile hukificha ni kupanda na kushuka. Mfanyakazi wa mafuta huishi kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Mgogoro wa mafuta wa 1973 uliipandisha bei mara nne kwa miezi michache, na Texas magharibi ikajaa minara, magari mapya na mikopo. Desemba 1981 minara iliyokuwa ikichimba Marekani nzima ilifika 4,530. Julai 1986, bei ilipokwisha kuporomoka, ilibaki 663. Benki kubwa ya mji jirani wa Midland ilikuwa imekwisha kuanguka tangu 1983. Katika miaka ile ya majonzi wanaume waliozoea kuamrisha mitambo walikaa barazani mchana kutwa wakitazama barabara.

Mzee alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kampuni iliyokuwa imemwajiri ilimwachisha kazi pamoja na kikosi kizima. Aliniambia kwamba wiki ile ilimwelemea kuliko wiki yoyote ya Korea, kwa kuwa Korea hakuwa na mke anayemngoja amweleze watakula nini. Hatimaye alipata kazi yenye mshahara mdogo zaidi, ya kuangalia visima vya zamani: kuvizungukia kila siku kwa pikapu, kusikiliza pampu zake, kupima matangi na kuandika. Watu walimhurumia wakisema ameshuka. Lakini kazi ile ndiyo iliyomleta karibu na wajukuu.

Babu na upepo

Wakati wa likizo aliondoka na mjukuu mmoja kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja kwa zamu yake. Kisima cha zamani huvuta mafuta kwa pampu ambayo kichwa chake huinama na kuinuka kutwa kucha. Mzee alizima gari mbali kidogo, akafungua dirisha, akanyamaza. Aliwafundisha kusikiliza kwanza, kwa kuwa mkanda uliolegea au beringi inayokufa husikika kabla haijaonekana. Kisha aliweka kiganja kwenye bomba la kutolea mafuta. Likiwa na uvuguvugu, kisima kinatoa. Likiwa baridi alfajiri, kuna kasoro. Mjukuu aliweka kiganja chake pembeni ya mkono ule wenye vidole vitatu na nusu, akaulizwa: unasikia nini?

Ilikuwapo sheria moja isiyovunjwa. Kabla ya kushuka garini, tazama upepo. Mafuta ya sehemu hizo mengi huambatana na gesi ya sumu yenye salfa. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani hatari imepita kumbe ndiyo imefika. Tarehe 2 Februari 1975, karibu na mji wa Denver City, Texas, gesi hiyo ilivuja kwenye kisima na kuua watu 9. Kwa hiyo Mzee alitazama mfuko wa upepo uliotundikwa kwenye mlingoti, akamweka mtoto upande unakotoka upepo, na kwenye tangi akapanda peke yake. Mtoto alibaki chini na daftari, akiandika vipimo babu alivyovitaja kutoka juu.

Siku ya mazishi mjukuu mmoja, sasa mama wa watoto wawili, alisema kwamba mpaka leo akishuka garini mahali popote hutazama kwanza majani ya miti yanaelekea wapi. Watu walitabasamu wakidhani ni kumbukumbu tamu ya utotoni. Mimi niliona ni jambo kubwa zaidi ya hilo. Uangalifu ule, subira ile ya kusikiliza kabla ya kugusa, mazoea ya kujitanguliza kwenye hatari na kumwacha mtoto upande salama, yote yalitoka kazini. Babu waliyemlilia alifinyangwa visimani. Ukiifupisha kazi yake kuwa sentensi moja, umewaficha wajukuu chimbuko la mapenzi waliyopewa.

Je, tumsifu mchimba mafuta?

Najua wako watakaoniuliza kama inafaa kumsifu mchimba mafuta katika zama hizi za ongezeko la joto duniani. Swali hilo ni la haki, na ukanda wetu wenye ukame na mafuriko unalijua kuliko wengi. Lakini kuihukumu biashara ya mafuta ni jambo moja, na kumfuta mtu aliyeifanya kazi hiyo ni jambo lingine. Taa ya chemli iliyotusomesha, dizeli ya basi lililotupeleka shule, mafuta ya jenereta ya hospitali, yote yalipitia mikononi mwa watu ambao hatukuwauliza majina. Na kama dunia itaachana na mafuta, itatubidi tujue kwa ukweli yalipatikanaje na yaliwagharimu nini waliokuwa karibu nayo. Ushahidi huo wanao wafanyakazi.

Kwetu

Ndugu zangu, habari ya Mzee si ngeni kwetu. Tunao wazee waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Baba zao na babu zao walivuka bahari kwenda Burma wakiwa King's African Rifles. Baada ya vita wengi wao hawakuishi kwa medali. Waliishi kwa kazi za reli, bandari, mashamba ya mkonge, viwanda.

Na kazi ya mafuta pia tunayo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Hiyo ni nusu karne ya wafanyakazi, na wengi wao sasa ni babu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Wapo walioshika mabomba ya visima hivyo kwa mikono yao. Vijana wetu wamefanya kazi ya kulaza bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Nao watazeeka. Tusingoje wafe ndipo tuandike kwamba walifanya kazi sehemu mbalimbali.

Ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila familia yenye mzee imwekee muda wa kumwuliza kazi yake, na maswali yawe ya kazi hasa: ulishika chombo gani, nani alikufundisha, ulijuaje kwamba mambo yameharibika, kazi ilikuachia alama gani mwilini, ni nani mliyempoteza? Simu zetu zinarekodi sauti, hakuna kisingizio. La pili, wanaoandika wasifu wa marehemu waipe kazi nafasi sawa na ile wanayoipa elimu na familia, na waitaje kwa vitendo badala ya cheo. La tatu, vyama vya wafanyakazi na waajiri watume japo watu wawili msibani, waliofanya kazi na marehemu au wanaoifanya kazi yake leo, wasimame na kueleza alichokijua na alichokifanya. Taifa lilimtumia Mzee askari wawili kwa ajili ya miaka mitatu. Kwa ajili ya miaka arobaini, watu wawili si wengi.

Mzee hakuomba sanamu, wala mimi simwombei. Ninachomwombea ni kwamba wajukuu wake, na wajukuu wa wazee wetu hapa, waweze kueleza kwa ufasaha babu yao alikuwa akifanya nini kila alfajiri alipotoka nyumbani. Mtoto anayeweza kulieleza hilo anajua chakula chake kilitoka wapi, na ataliheshimu jasho la mtu mwingine yeyote atakayekutana naye.